Dawa ya maumivu unayojitengenezea mwenyewe

Je, msomaji, umewahi kukimbilia matatu asubuhi, ukajikwaa kwenye jiwe, kisha ukaona damu kwenye kidole cha mguu ukiwa tayari umeketi na kulipa nauli? Wakati wa kujikwaa hukuhisi kitu. Maumivu yalikuja baadaye, ulipotulia. Watu wengi hudhani kwamba hawakuhisi kwa sababu ya haraka tu. Ukweli ni kwamba ubongo una uwezo wa kuyazuia maumivu kwa muda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kemikali zinazotenda kazi sawa na mofini, ile dawa kali wanayopewa wagonjwa wa saratani na watu waliotoka kufanyiwa upasuaji.

Kemikali hizo hazinunuliwi. Mwili wako hujitengenezea. Kwa zaidi ya miaka 40 sasa, wanasayansi katika nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu kuunda dawa za aina mpya, ambazo haziingizi mofini mwilini, bali huufanya mwili uitumie vizuri zaidi ile yake wenyewe.

Habari hizi zinamhusu mkazi wa Eldoret kwa sababu mbili. Kwanza, jiji hili limezungukwa na wakimbiaji, watu ambao kila alfajiri huilazimisha miili yao kuvumilia maumivu. Pili, katika wodi za Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, maarufu kama MTRH, na katika nyumba za Langas, Huruma na Kapsoya, kuna wagonjwa ambao maumivu yao hayawezi kungojea dawa za kesho. Hivyo basi, ni vyema kuelewa mambo mawili: dawa hizi mpya zinakusudiwa kufanya nini, na mgonjwa aliye nyumbani leo afanyiwe nini.

Maumivu husafiri vipi?

Unaposhika sufuria iliyotoka jikoni, mishipa ya fahamu iliyo kwenye vidole hupeleka habari hadi kwenye uti wa mgongo. Kutoka hapo habari hupanda hadi kwenye ubongo, na ni ubongo unaokufanya useme, "Nimeungua." Kabla habari haijafika huko, hakuna maumivu, kuna ujumbe tu ulio njiani.

Hata hivyo, njia hiyo si ya kupanda peke yake. Ubongo nao hupeleka amri za kushuka hadi kwenye uti wa mgongo, na amri hizo zinaweza kuzuia ujumbe usipite. Mfano wake ni lango lenye bawabu. Siku nyingine bawabu huwaruhusu wote wapite, na siku nyingine huwazuia wengi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya sana. Katika taarifa yake ya mwaka 1946 alieleza kwamba takriban robo tatu yao hawakuhisi maumivu ya kuwafanya waombe dawa, ingawa majeraha yao yangemliza mtu yeyote katika hospitali ya kawaida. Askari hao hawakuwa wamepoteza fahamu, na walijua kwamba wameumia. Lakini maumivu yalikuwa yamezuiwa njiani. Swali lililobaki ni hili: yalizuiwa na nini?

Kutoka mmea wa afyuni hadi ubongo wa nguruwe

Jibu lilitokana na mmea. Afyuni ni utomvu wa mpopi, na watu wameitumia kutuliza maumivu tangu zamani za kale. Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alifaulu kuitenga kemikali yake kuu, ambayo leo twaiita mofini.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwa nini kemikali ya mmea iwe na nguvu kubwa hivyo juu ya binadamu. Mnamo 1973, makundi matatu ya watafiti, mawili ya Marekani na moja la Uswidi, yalionyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi maalum vya mofini. Kipokezi ni kama kufuli iliyo juu ya seli, na kemikali ni kama ufunguo. Mofini ikiingia kwenye kufuli hiyo, seli inayobeba ujumbe wa maumivu hupunguza kazi yake.

Hapo likazuka swali jingine. Mwili haungekuwa na kufuli kwa ajili ya mmea ambao watu wengi hawajapata hata kuuona. Bila shaka palikuwa na ufunguo wa mwili wenyewe.

Ufunguo huo ulipatikana mwaka 1975 katika mji wa Aberdeen, Scotland. John Hughes na Hans Kosterlitz walikusanya bongo za nguruwe, wakazisaga na kuzichuja, hadi wakapata kemikali mbili ndogo zilizofanya kazi kama mofini. Waliziita enkefalini. Kila moja ni mnyororo mfupi wa asidi amino 5, zile chembe zinazounda protini.

Mwaka uliofuata, 1976, Choh Hao Li wa Chuo Kikuu cha California alitangaza kemikali nyingine kubwa zaidi, yenye asidi amino 31. Aliipata kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa ngamia. Kundi zima la kemikali hizi limepewa jina la endofini, maana yake mofini ya ndani.

Jino lililong'olewa

Je, endofini hizo hufanya kazi kwa mtu aliye hospitalini, au ni hadithi ya maabara tu? Mwaka 1978 watafiti watatu wa San Francisco, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields, walilijibu swali hilo kwa kuwachunguza watu waliong'olewa magego.

Baadhi ya wagonjwa walipewa kitu kisicho dawa huku wakidhani huenda ni dawa. Kama ilivyo kawaida, wapo waliopata nafuu. Kisha watafiti waliwapa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya mofini. Wale waliokuwa wamepata nafuu walianza kuumwa upya. Ilionekana wazi kwamba nafuu yao haikuwa ya kujidanganya. Matumaini yao yalikuwa yameufanya ubongo utoe endofini, na naloksoni ikazifungia njia.

Basi mgonjwa anayesema kwamba maumivu yamepungua baada ya kuzungumza na daktari mpole asichekwe. Huenda ni kweli.

Wakimbiaji wetu wanatufundisha nini?

Mtu akisimama alfajiri kando ya barabara ya Eldoret kwenda Iten, au kwenye njia za msituni huko Kaptagat anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, ataona makundi ya vijana wakipanda vilima kwa kasi ambayo wengi wetu hatuwezi kuikimbia hata mita 400. Watu wengi husema kwamba wakimbiaji hupata raha fulani baada ya mbio ndefu, na kwamba raha hiyo ni endofini.

Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walipiga picha maalum za ubongo za wakimbiaji 10, kabla na baada ya kukimbia kwa saa mbili. Picha zilionyesha kwamba endofini zilikuwa zimetolewa kwenye ubongo, na kwamba waliohisi raha zaidi ndio waliotoa nyingi zaidi.

Lakini suala hilo halijaisha. Mwaka 2021 watafiti wengine wa Ujerumani waliwapa wakimbiaji dawa inayoziba vipokezi vya mofini kabla ya kukimbia, na raha haikupotea. Yamkini, basi, raha yenyewe huletwa zaidi na kemikali nyingine za mwili, ilhali endofini zina sehemu yake katika kustahimili maumivu.

Jambo jingine la kuvutia ni kufanya mazoezi pamoja. Mnamo 2010 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo hicho. Walipopiga makasia kwa pamoja waliweza kuvumilia maumivu zaidi kuliko walipofanya mazoezi yale yale kila mmoja peke yake, na watafiti wakaona hiyo ni dalili ya endofini. Huenda ndiyo sababu moja inayowafanya wakimbiaji wetu wapende kwenda kwa makundi.

Hapa pana onyo kwa vijana. Kuna wanaomeza vidonge vya kutuliza maumivu ili wakimbie wakiwa na jeraha. Maumivu ni taarifa, na mwenye kuizima taarifa hiyo kila siku anaweza kuuvunja mguu wake bila kujua. Fauka ya hayo, tramadoli, dawa ya jamii moja na mofini, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Mwanariadha anayepewa dawa yoyote ya maumivu hana budi kumwambia daktari au mfamasia kwamba yeye hushindana.

Ubaya wa mofini ni upi?

Mofini ni dawa nzuri, nasi tutalirudia jambo hilo hapa chini. Taabu yake ni kwamba haichagui mahali. Ikimezwa au kudungwa, husambaa mwili mzima na kufungua kila kufuli inayoikuta, hata zile zisizohusika na maumivu.

Kwenye matumbo, hufunga choo. Kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi, dozi ikizidi, hupunguza kupumua, na hiyo ndiyo sababu ya vifo. Kwenye sehemu inayohusika na raha, yaweza kuleta uraibu kwa mtu anayeitumia bila haja ya tiba. Aidha, mwili huizoea, na baada ya muda dozi ile ile haitoshi.

Nchini Marekani, mwaka 2022 pekee, zaidi ya watu 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii hii, wengi wao kwa fentanili iliyotengenezwa kiharamu. Hapa Kenya, pwani yetu imeumizwa kwa miaka mingi na heroini, ambayo hutengenezwa kutokana na mofini.

Enkefalini za mwili hazina taabu hizo kwa kiwango hicho, kwa sababu hutolewa pale tu zinapohitajika, kwa kiasi kidogo, kisha huondolewa. Lakini kuondolewa huko ndiko kunakozifanya zisitoshe. Enkefalini ikishatolewa hudumu kwa muda mfupi mno kabla haijakatwakatwa. Wanasayansi wanajaribu kuiongezea nguvu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: kuuzuia mkasi

Enkefalini hukatwa na vimeng'enya viwili vikuu, ambavyo hufanya kazi kama mikasi miwili. Ukivizuia, enkefalini itakaa kwa muda mrefu zaidi na kutuliza maumivu zaidi. Wazo hili si geni. Ikiwa wewe au mzazi wako mnameza enalapril kwa ajili ya presha, dawa hiyo nayo hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya, ingawa ni kingine.

Mwaka 1980 Bernard Roques na wenzake wa Ufaransa walitangaza kemikali ya kuuzuia mkasi wa kwanza, wakaiita thiofani. Ilikuwa na upungufu mmoja: mkasi wa pili uliendelea kukata. Kwa maumivu, ilisaidia kidogo tu.

Hata hivyo, kazi hiyo haikupotea. Matumbo yetu pia yana enkefalini, na huko hupunguza maji yanayotoka na choo. Ndipo ilipoundwa racecadotril, dawa ambayo mwilini hugeuka kuwa thiofani, na ambayo inatumika katika nchi kadhaa kutibu kuhara. Utafiti wa Peru wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ilipunguza kuhara kwa watoto. Lakini ilipojaribiwa kwa watoto waliolazwa kwa kuhara kukali katika hospitali ya rufaa nchini Kenya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba haikuongeza faida. Kwa hiyo, mama mwenye mtoto anayehara azingatie tiba inayojulikana: maji ya ORS, zinki, kuendelea kumnyonyesha, na kumfikisha kliniki mapema.

Dawa nyingine inayouzuia mkasi huo wa kwanza ni sacubitril, ambayo tangu 2015 imekuwa ikitumika pamoja na valsartan kwa watu ambao mioyo yao imedhoofika. Nayo haitumiki kama dawa ya maumivu.

Kundi la Roques liliendelea na kutengeneza kemikali zinazoizuia mikasi yote miwili kwa pamoja. Kwa wanyama, hizi zilituliza maumivu bila kuleta madhara mengi ya mofini. Mojawapo, iitwayo PL265, imefikia majaribio ya awali kwa binadamu.

Mwaka 2006 ilionekana kwamba hata mwili una kizuizi chake. Catherine Rougeot na wenzake wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walipata kwenye mate ya binadamu kemikali ndogo yenye asidi amino 5, wakaiita opiofini. Huizuia mikasi yote miwili, na ilipojaribiwa kwa panya ilituliza maumivu kwa nguvu. Lakini usidhani kwamba kulamba kidonda kutakusaidia. Kiasi kilichomo kwenye mate ni kidogo, na mate yana vijidudu vinavyoweza kuoza kidonda.

Njia ya pili: kuusaidia ufunguo

Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Bristol-Myers Squibb na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza kemikali ya namna nyingine, BMS-986122. Hii haiingii kwenye tundu la kufuli. Hushika pembeni, na kuifanya kufuli ifunguke kwa urahisi zaidi ufunguo unapofika.

Uzuri wake ni kwamba, pasipo na ufunguo, haifanyi kitu kikubwa. Mahali ambapo mwili unatoa enkefalini kwa sababu pana maumivu, huongeza nguvu. Mahali ambapo hakuna enkefalini, hutulia. Mwaka 2021 matokeo ya majaribio kwa panya yalionyesha kwamba ilituliza maumivu, na kwamba kufunga choo, kupungua kwa pumzi na dalili za kuvutia uraibu vilikuwa vichache kuliko kwa mofini.

Njia ya tatu: kuuziba mtego

Ya tatu ndiyo ya karibuni zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Luxembourg walitangaza kwamba kipokezi kimoja, kinachojulikana kama ACKR3, huzinasa enkefalini na jamaa zake na kuziondoa bila kutuliza maumivu yoyote. Ni kama mtego ulio njiani. Watafiti hao walitengeneza kemikali, LIH383, inayouziba mtego huo ili endofini zaidi zifike zinakohitajika.

Mwaka 2021 wakaongeza kwamba konolidini, kemikali ya mti wa maua meupe unaotumika katika tiba za kienyeji huko Asia, nayo huuziba mtego huo huo. Miti shamba imekuwa na siri kama hizi tangu mpopi wenyewe. Lakini jani la mti si kidonge kilichopimwa, na mtu asichemshe majani asiyoyajua kwa kutumaini kwamba yatamtuliza.

Mbona dawa hizi haziko dukani?

Huenda unajiuliza, ikiwa mambo haya yalianza mwaka 1980, kwa nini duka la dawa la mtaani bado linauza Panadol na Brufen? Sababu ni kadhaa.

Kwanza, ile mikasi haikati enkefalini peke yake. Hukata kemikali nyingine nyingi, zikiwemo zinazohusika na presha na uvimbe. Anayeuzuia mkasi kwa ajili ya maumivu lazima ahakikishe kwamba haharibu kazi nyingine.

Pili, kufikisha kemikali hadi kwenye ubongo ni kazi ngumu. Opiofini, kwa mfano, ni kipande kidogo cha protini, na protini ikimezwa humeng'enywa kama nyama au maharagwe.

Tatu, kuongeza nguvu ya enkefalini husaidia pale tu enkefalini zinapotolewa. Kwa maumivu makali sana, au yaliyodumu miaka mingi, huenda kiasi cha mwili kisitoshe hata kikiongezwa.

Nne, panya si binadamu. Dawa nyingi zilizowatuliza panya zimeshindwa kumtuliza mtu. Kwa sababu hiyo, msomaji, ukisikia mtu akiuza vidonge vya "kuongeza endofini" sokoni au kwenye simu, linda pesa zako. Dawa zinazoelezwa hapa kama tiba mpya ya maumivu bado zinachunguzwa.

Mgonjwa wa leo afanyiwe nini?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mgonjwa wa saratani ya umio au ya shingo ya kizazi hawezi kuambiwa angojee watafiti wa Michigan. Kwake yeye, mofini ya kunywa ndiyo dawa iliyopo, na ni dawa ya bei nafuu. Hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, ikatiwa kwenye chupa. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Pamoja na hayo, haiwafikii wanaoihitaji. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza kwamba, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba, kati ya hospitali za serikali takriban 250 hapa Kenya, ni saba tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Tangu hapo vitengo vya kuwatuliza wagonjwa wa maradhi mazito vimeongezeka, lakini mgonjwa aliye mashambani bado husafiri mbali.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kwamba inawezekana. Daktari Anne Merriman, aliyewahi kufanya kazi katika Hospisi ya Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kuieneza mofini ya maji. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalum kuiandika dawa hiyo, ili mgonjwa wa kijijini asikose kwa sababu daktari yuko mbali.

Hofu iliyo kubwa nyumbani ni ya uraibu. Utasikia mwana akisema, "Mama asipewe hiyo, atazoea." Ni kweli kwamba mwili huizoea, na ndiyo maana haisimamishwi ghafla. Lakini mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa kipimo na chini ya uangalizi hupata usingizi, hula, na huweza kuzungumza na watoto wake. Kuna pia wanaodhani kwamba mofini ikitajwa, kifo kimefika. Si hivyo. Hutolewa kwa sababu ya ukali wa maumivu, na wapo wanaoitumia kwa muda, wakatibiwa, wakaiacha.

Ikiwa una mgonjwa nyumbani, yashike haya:

Mwambie daktari au muuguzi wazi kwamba mgonjwa ana maumivu, na kwa kiwango gani. Muulize mgonjwa: kati ya sifuri na kumi, leo ni ngapi? Andika jibu kila siku.

Mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, hata kama maumivu hayajarudi. Usingoje hadi alie.

Omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Usiichanganye na pombe wala dawa za usingizi ambazo daktari hazijui. Ikiwa mgonjwa analala mno na pumzi imekuwa ya polepole isivyo kawaida, mpeleke hospitalini mara moja.

Ifungie kabatini, mbali na watoto, na usimpe mtu mwingine hata kama naye anaumwa.

Hapa Eldoret, MTRH na Hospisi ya Eldoret huwahudumia wagonjwa wa aina hii. Ukiambiwa mahali fulani kwamba hakuna la kufanya, uliza kama unaweza kupelekwa huko.

Mwisho, kumbuka kwamba endofini za mgonjwa bado zipo. Kukaa naye, kumwimbia, kumchekesha na kumwondolea hofu si badala ya dawa, lakini ni msaada wa kweli kwa mwili wake, kama wale wagonjwa wa magego walivyotuonyesha. Mpe chupa ya dawa kwa saa yake, kisha vuta kiti ukae naye.